Ndoano na Nyavu za Ziwa Letu

Katika kitabu hiki cha miaka kumi ya Chama chetu tumeona vema tueleze habari za zana za uvuvi, kwa maana wakulima wengi wa pamba wa Musoma, Bunda na Butiama huvuna ziwani pia.

Wazee walivua kwa migono na ndoano. Mwaka 1905 nyavu za kitani zililetwa ghuba ya Kavirondo. Wavu mmoja ulinasa ngege 50 hata 100, kisha baada ya miaka isiyo mingi hawakufika 10. Bwana Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, akashauri macho ya wavu yasipungue inchi 5. Miaka ya 1950 ikaja nailoni isiyooza. Naye sangara akatiwa ziwani.

Kwa sangara twapendelea migonzo, yaani kamba ndefu yenye ndoano nyingi. Chambo hai chasumbua kupatikana, twakiri, lakini ndoano kubwa humwacha mdogo akue. Kokoro hukwangua mazalio ya samaki, na sheria imelikataza. Mwanachama ye yote asituombe mkopo wa kulinunua.