Padre Aliyekataa Ushahidi

Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius XII alisimama mbele ya Akademia ya Kipapa ya Sayansi, Vatican, na kutoa hotuba iliyowafurahisha waumini wengi. Wanasayansi, alisema, wamefuata nyayo za ulimwengu kurudi nyuma mpaka wakafika pale ulipoanzia, na walichokikuta huko kinashuhudia lile neno la kwanza la Mungu lililoita nuru. Basi uumbaji ulitokea ndani ya wakati. Basi Muumba yupo.

Mtu mmoja hakufurahi. Alikuwa padre, mwanachama wa akademia hiyohiyo tangu 1936, na ndiye hasa aliyeibuni nadharia ambayo Baba Mtakatifu alikuwa akiiegemea.

Georges Lemaître alizaliwa mwaka 1894 Charleroi, mji wa makaa ya mawe na vioo nchini Ubelgiji. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vioo, kikateketea kwa moto, na familia ikahamia Brussels. Kijana akaenda Leuven kusomea uhandisi kwenye chuo kikuu cha Kikatoliki, lakini Agosti 1914 Wajerumani walivamia nchi, naye akaacha vitabu na kujitolea jeshini. Miaka minne alikaa kwenye mahandaki na mizinga. Aliiona gesi ya klorini ilipotumika mara ya kwanza mwaka 1915, na alirudi na nishani ya ushujaa. Inasimuliwa kwamba alinyimwa cheo kwa sababu alimsahihisha mkufunzi wake hesabu za kurusha makombora. Kwa jinsi alivyokuja kuwa, kisa hicho si kigumu kukisadiki.

Vita ilipokwisha hakuurudia uhandisi. Alichukua udaktari wa hisabati mwaka 1920, na mwaka uleule akaingia seminari ya Mechelen. Kadinali Mercier, askofu mkuu wake, alimruhusu kujisomea nadharia ya relativiti ya Einstein sambamba na teolojia, na Septemba 1923 akampa daraja ya upadre.

Kuna andiko moja la miaka hiyo ya seminari ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Mwaka 1921 Lemaître alijaribu kuzisoma aya za mwanzo za Kitabu cha Mwanzo kwa miwani ya fizikia: kwa nini Mungu alianza na nuru, na nuru hiyo ni kitu gani machoni pa mwanasayansi. Kwa maneno mengine, alijaribu jambo lilelile ambalo Papa angelifanya miaka thelathini baadaye. Aliachana nalo. Baadaye alipoulizwa na waandishi wa habari alisema wazi kwamba waandishi wa Biblia walijua sayansi kadiri ya watu wa zama zao, na kwamba atakayeifungua Biblia akitafuta somo la fizikia amekosea kitabu. Alipomkatalia Papa, basi, alikuwa anaikataa njia aliyokwisha kuipita mwenyewe.

Mara baada ya kupadirishwa alivuka kwenda Cambridge kwa Arthur Eddington, Mkwekeri ambaye mwaka 1919 alikwenda kisiwa cha Príncipe, pwani ya Afrika Magharibi, kupiga picha za kupatwa kwa jua zilizompa Einstein ushindi. Kutoka hapo alikwenda Marekani, Harvard na MIT. Huko wanaastronomia walikuwa na jambo la ajabu mikononi. Vesto Slipher, kule Arizona, alikuwa amepima mwanga wa galaksi nyingi na kukuta umevutwa kuelekea upande wa wekundu, dalili kwamba zinatukimbia. Edwin Hubble, kwa darubini kubwa ya Mount Wilson, alikuwa ameanza kupima umbali wake. Namba zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzieleza.

Mwaka 1927, akiwa sasa mwalimu wa Leuven, Lemaître alichapisha maelezo hayo. Galaksi hazikimbii ndani ya ulimwengu. Ulimwengu wenyewe ndio unaotanuka na kuzibeba, na iliyo mbali zaidi huonekana kuondoka kwa kasi zaidi. Hata kasi ya mtanuko aliikadiria, miaka miwili kabla ya Hubble. Mrusi Aleksandr Friedmann alikuwa ameshapata milinganyo ya namna hiyo mwaka 1922, lakini hakuiunganisha na vipimo vya galaksi, na Lemaître hakuwa na habari naye. Makala yenyewe ilitoka kwa Kifaransa katika jarida la Brussels ambalo wakubwa wa fani hawakulisoma.

Einstein alilisoma. Walikutana Brussels Oktoba mwaka huohuo, wakati wa mkutano wa wanafizikia uitwao Solvay, na kwa mujibu wa Lemaître mwenyewe jibu lilikuwa kali: hesabu hazina kosa, lakini fizikia yake inachukiza. Miaka kumi nyuma Einstein alikuwa ameongeza kitu kwenye milinganyo yake ili ulimwengu usimame tuli, na hakutaka usogee. Ilibidi Eddington aje kuifufua makala hiyo mwaka 1930 ndipo dunia ikaisikia. Tafsiri ya Kiingereza ilipotoka mwaka 1931 haikuwa na sehemu ya makadirio yale ya kasi, na kwa miaka mingi watu walishuku hila. Mwaka 2011 ilibainika kwamba Lemaître ndiye aliyejitafsiria na kuikata, akiona namba zake zimeshapitwa na wakati. Watu wa kugombania sifa hawafanyi hivyo. Mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipiga kura kupendekeza sheria ya Hubble iitwe sheria ya Hubble na Lemaître.

Ulimwengu unaotanuka haujawa bado ulimwengu wenye mwanzo. Hatua hiyo aliipiga tarehe 9 Mei 1931 katika barua fupi kwenye jarida la Nature. Ukiurudisha mtanuko nyuma, alisema, utafika mahali ambapo vyote vilikuwa kitu kimoja, atomu moja kuu, na kabla yake maneno mahali na wakati hayana maana. Alikuwa akimjibu Eddington, aliyekuwa amesema hadharani kwamba wazo la ulimwengu kuanza ghafla linamkirihi. Hapa kuna kinyume cha kuvutia: Mkwekeri mcha Mungu anaukimbia mwanzo, na padre anauingiza kwa sababu za fizikia ya kwanta.

Rasimu ya barua ile imehifadhiwa. Mwishoni palikuwa na aya moja kuhusu Mungu, ikisema kwamba anayemwamini anajua pia kuwa Mungu kwa asili yake amejificha, na anaweza kufurahi kuona fizikia ikiweka pazia mbele ya uumbaji. Aya hiyo imepigwa mistari. Msomaji wa Nature hakuiona. Mtu anaweza kudhani aliogopa kuchekwa. Lakini hata aya yenyewe haikusema kwamba fizikia imemfichua Mungu. Ilisema kinyume chake, na Mungu aliyejificha ni fikra ya nabii Isaya kabla ya kuwa yake.

Wenzake hawakumwamini kirahisi. Kanzu ilimponza. Wengi waliona ni Kitabu cha Mwanzo kilichovishwa nguo za hesabu, na katika Umoja wa Kisovieti, mwishoni mwa miaka ya 1940, wasemaji wa chama walimtaja kwa jina miongoni mwa wanasayansi wapinga maendeleo wanaoitumia astronomia kuinusuru dini. Uingereza mwaka 1948 Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walitoa nadharia shindani: ulimwengu unatanuka, ndiyo, lakini maada mpya huzaliwa kidogokidogo kujaza nafasi, kwa hiyo hauna mwanzo wala mwisho. Hoyle hakuwa na imani ya dini wala hakuificha hali hiyo. Ndiye aliyeipa nadharia ya Lemaître jina la Mlipuko Mkuu, akizungumza katika redio ya BBC tarehe 28 Machi 1949. Hata hivyo mstari haukupita kati ya waumini na wasioamini. William McCrea, Mwanglikana wa dhati, alikuwa upande wa Hoyle bila kuona shida yoyote.

Ndipo ikaja hotuba ya 1951, na kwa Lemaître haikuweza kuja wakati mbaya zaidi. Iliwapa waliomshuku kila walichokihitaji. Isitoshe, nadharia yenyewe ilikuwa taabani. Kwa vipimo vya Hubble, ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka kama bilioni 2, ilhali wanajiolojia walikuwa wameshakuta miamba yenye umri mkubwa zaidi. Mtoto alimzidi mzazi umri. Lemaître alikuwa na njia yake ya kulitatua hilo: alikibakiza katika hesabu kile kitu ambacho Einstein alikiongeza mwaka 1917 na kukitupa mwaka 1931. Lakini kusema kwamba sayansi imethibitisha siku ya uumbaji, kwa msingi wa namba zilizokuwa zikigombana zenyewe kwa zenyewe, lilikuwa jambo la hatari kwa imani zaidi kuliko kwa sayansi.

Mwaka uliofuata wanaastronomia wa dunia walikutana Roma, na Papa alikuwa amepangiwa kuzungumza nao. Lemaître, aliyekuwa safarini kwenda mkutano wa Cape Town, inaelezwa kuwa alipitia Roma na kuzungumza na padre Daniel O'Connell, mkuu wa kituo cha astronomia cha Vatican. Tarehe 7 Septemba 1952 Papa alizungumza. Alisifu astronomia kwa urefu. Ile hoja ya mwaka uliotangulia hakuirudia. Katika mkutano huohuo Walter Baade alitangaza kwamba umbali wa galaksi ulikuwa umekosewa na unapaswa kuongezwa takribani mara mbili, na umri wa ulimwengu vivyo hivyo. Kama kuna mtu Vatican aliyekuwa bado anajiuliza kwa nini padre yule wa Leuven ana wasiwasi, jibu lilikuwa mezani.

Lemaître hakuwa na haja ya kubuni msimamo mpya. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alikwisha kuandika kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kama ulimwengu una mwanzo. Aliamini unao kwa sababu jambo hilo limefunuliwa. Kuumbwa kwake ni kumtegemea Mungu wakati wote, si tukio la siku moja, na hata ulimwengu usio na mwanzo ungehitaji Muumba. Waislamu walikuwa wameshaubishania mlango huo kabla yake. Al-Ghazali, mnamo 1095, aliwashambulia wanafalsafa waliodai ulimwengu ni wa milele. Ibn Rushd, karibu karne moja baadaye, akamjibu kwa kitabu kizima. Hoja ya wanakalamu, wanateolojia wa Kiislamu, kwamba kila chenye mwanzo kina msababishi na ulimwengu una mwanzo, ilifufuliwa na Mmarekani William Lane Craig mwaka 1979, safari hii ikiwa na Mlipuko Mkuu kama nguzo yake. Wanaoitumia leo katika midahalo mara nyingi hawajui kwamba aliyeijenga nguzo hiyo hakutaka ibebeshwe mzigo huo.

Aliusema msimamo wake kwa uwazi katika mkutano wa Solvay wa 1958: nadharia yake iko nje kabisa ya suala la dini. Asiyeamini yuko huru kumkana Mungu akiwa nayo, na mwamini haimpi njia ya kumkaribia Mungu kwa hesabu.

Hayo hayakumfanya padre nusu. Alikuwa katika udugu wa mapadre walioweka nadhiri ya ufukara, aliwalea wanafunzi wa Kichina waliosoma Leuven, alipiga piano, na mwaka huohuo wa 1958, akiwa na miaka 64, alikiletea chuo chake kompyuta ya kwanza. Chuo hicho kilikuwa kimeshazaa kingine Kongo: Lovanium, kilichofunguliwa Kinshasa ya leo mwaka 1954 chini ya Luc Gillon, naye padre na mwanafizikia wa nyuklia. Mwaka 1959 Lovanium iliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika.

Uthibitisho wa nadharia yake ulikuja kutoka upande ambao Lemaître hakuutegemea. Mwaka 1964, huko New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walihangaika na mnong'ono uliokataa kutoka kwenye antena yao. Waliwafukuza njiwa, wakasafisha kinyesi, mnong'ono ukabaki. Ulikuwa joto lililosalia la ulimwengu mchanga, nyuzi chache tu juu ya sifuri halisi. Taarifa ilichapishwa mwaka 1965. Lemaître, aliyekuwa mgonjwa, aliletewa habari hiyo na msaidizi wake Odon Godart siku chache kabla ya kufa tarehe 20 Juni 1966. Kile kitu cha Einstein alichokataa kukitupa nacho kilirudi mwaka 1998, vikundi viwili vya wanaastronomia vilipogundua kwamba mtanuko unazidi kasi.

Swali la mwanzo halijafungwa. Mwaka 1983 Stephen Hawking na James Hartle walipendekeza ulimwengu ambao wakati wake hauna ukingo wa kuanzia, na Vatican haikufadhaika. Mwaka 1986 Hawking, asiyeamini Mungu, aliteuliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Kipapa. Juni 1988 Yohane Paulo II alimwandikia George Coyne, mkuu wa kituo cha astronomia cha Vatican, barua ndefu kuhusu sayansi na dini. Ndani yake aliwaonya wanateolojia wasiikimbilie nadharia ya Mlipuko Mkuu kuitetea imani.