Habari za Jamaa Waliohamia Monteverde

Tangu zamani za kale watu wamezihama nchi zao, na sababu zao zajulikana. Wengine hufukuzwa na njaa, wengine na vita, na wengine huvutwa na biashara, kama wale waliovuka bahari kwa majahazi wakifuata pepo za kaskazi na kusi. Lakini wako pia watu walioacha nchi yenye mali na mashamba yenye rutuba, si kwa kukosa chakula, bali kwa kukosa utulivu. Habari tutakazosimulia leo ni za watu wa namna hiyo. Walikuwa wakulima wa Marekani, nao walichukua wake zao, wazee wao na watoto wao, wakaenda kukaa juu ya mlima katika nchi ya Kosta Rika. Ndugu wasikilizaji, tazameni jinsi walivyoupata utulivu walioutafuta, na gharama walizotoa ili wausitawishe.

Watu hao walikuwa wa madhehebu ya Kikristo yaitwayo Marafiki, wajulikanao pia kwa jina la Quaker. Wenyeji wa magharibi ya Kenya wawafahamu vema, kwa kuwa misheni ya Marafiki ilianzishwa Kaimosi mwaka 1902, na siku hizi Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya dunia. Madhehebu hayo yalianza Uingereza katika karne ya 17, na tangu mwanzo wake yamefundisha kwamba si halali kwa Mkristo kuua mtu vitani. Hawa wa habari yetu waliishi Fairhope, mji mdogo wa jimbo la Alabama, karibu na ghuba ya Mobile. Wengi wao walilima na kufuga ng'ombe wa maziwa. Ibada yao ilikuwa kukaa pamoja kimya, mpaka mmoja wao aguswe moyoni ainuke kusema neno.

Mwaka 1948 Serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kuwataka vijana wa kiume waandikishwe kwa ajili ya jeshi, ingawa wakati ule nchi haikuwa vitani. Sheria hiyo iliwapa nafasi wale waliokataa vita kwa ajili ya dini, lakini sharti nao wajiandikishe kwanza. Vijana wanne wa Fairhope wakaona kwamba hata kutia jina katika daftari ile ni kulikubali jambo lenyewe. Basi wakakataa, nao wakaandika barua kuieleza Serikali sababu zao. Mwezi wa Oktoba mwaka 1949 wakahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja, na baada ya kukaa gerezani kama miezi minne wakafunguliwa kwa masharti. Husimuliwa kwamba hakimu aliwaambia kuwa asiyetaka kuzitii sheria za nchi, heri aondoke katika nchi hiyo.

Maneno hayo hayakuanguka bure. Wazazi wa vijana hao na jirani zao walikuwa wamekwisha kuona kwamba kodi wanayotoa kwa jasho lao yanunua silaha, na kwamba mambo ya nchi yote yaelekea katika vita. Wakakutana, wakashauriana siku nyingi, wakauliza: Je, iko nchi ambako mtu aweza kulima shamba lake na kulea watoto wake, wala asiwe na sehemu katika vita?

Nchi hiyo ilikuwako. Kosta Rika ni nchi ndogo iliyo kati ya Nikaragua na Panama, na mwaka 1948 palitokea vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita vilipokwisha, kiongozi aliyeshinda, José Figueres Ferrer, akatenda jambo ambalo washindi hawalitendi mara nyingi: tarehe 1 Desemba mwaka ule ule akalivunja jeshi. Katika katiba ya mwaka 1949 ikaandikwa kwamba nchi haitakuwa na jeshi la kudumu. Habari hiyo ilipofika Fairhope, wale Marafiki wakaona kwamba mlango umefunguliwa. Baadhi yao wakatangulia kuitazama nchi, wakarudi na kusema kwamba hali ya hewa ni njema na wenyeji ni wapole.

Basi wakauza nyumba, mashamba na mifugo yao. Waliohama walikuwa watu wapatao 44 wa jamaa 11, wazee, vijana na watoto wadogo. Safari zilianza mwishoni mwa mwaka 1950. Wengine walikwenda kwa ndege, na wengine wakapakia vyombo vyao katika magari, wakaipita nchi ya Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kati. Safari hiyo ya nchi kavu iliwachukua baadhi yao kama miezi mitatu, kwa sababu mahali pengine barabara ilikuwa haijatengenezwa bado, na katika mpaka wa Nikaragua na Kosta Rika iliwabidi kuitafuta njia wenyewe, wakiyaondoa mawe na kuyavuta magari yao katika matope.

Walipofika, walikaa kwanza karibu na mji mkuu wa San José, wakajifunza lugha ya Kihispania na kutafuta ardhi. Katika mwaka 1951 wakapata mahali katika milima ya Tilarán, juu ya bahari kiasi cha mita 1,400, penye baridi kidogo na mvua nyingi. Wakanunua hekta zipatazo 1,400, yaani ekari kama 3,400, wakapaita mahali hapo Monteverde, maana yake mlima wa kijani. Yafaa kukumbuka kwamba mlima huo haukuwa mtupu. Wakulima wa Kosta Rika walikuwa wamekwisha kufika kabla yao, wakafyeka viwanja na kujenga nyumba za mbao, na sehemu ya ardhi ile ilinunuliwa kwa kuwalipa wakulima hao haki zao. Wengine walihama, wengine wakabaki wakawa jirani. Wageni wale wasingaliweza kuishi mwaka wa kwanza bila ya msaada wa wenyeji, waliowaonyesha miti ipi yafaa kujengea, na njia ya kushuka bondeni kwa mikokoteni ikokotwayo na maksai.

Wasemavyo wazee, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale wa Monteverde hawakungoja siku ya tatu. Mwanzoni walikaa katika mahema na vibanda, huku mvua ikinyesha na upepo ukivuma. Waliitengeneza barabara kwa mikono yao, wakapasua mbao, wakafyeka msitu wapate malisho. Mwaka ule ule wa 1951 wakaanzisha shule ya watoto wao. Nyumba ya ibada ikatumika pia kwa mikutano, na mashauri yote ya kijiji yaliamuliwa humo, si kwa kuhesabu kura, bali kwa kuzungumza mpaka wote wawe na nia moja. Njia hiyo ni ya polepole, lakini yule aliyeshindwa katika shauri haondoki na uchungu.

Kisha wakakabiliwa na swali la riziki. Ng'ombe wao walitoa maziwa mengi, lakini soko lilikuwa mbali na barabara mbaya, na maziwa hayawezi kusafiri siku nzima katika jua bila kuharibika. Wakafikiri wakachagua kutengeneza jibini, kwa kuwa jibini hukaa siku nyingi, nayo ni nyepesi kuchukuliwa kuliko maziwa iliyotokana nayo. Kiwanda chao kikaanza mwaka 1953. Nao hawakukifanya kuwa chao peke yao, bali waliwakubali wakulima wa Kosta Rika walete maziwa yao na kununua hisa. Hivyo faida ya kiwanda ikaenea mlimani kote, na mgeni na mwenyeji wakawa na chungu kimoja.

Sasa twafika kwenye jambo lililo kubwa kupita yote katika habari hizi. Walipokuwa wakigawanya ardhi, kila jamaa ikipata shamba lake, wakulima wale walikubaliana kutoigawa sehemu moja. Hiyo ilikuwa sehemu ya juu kabisa ya mlima, hekta 554, zaidi ya theluthi ya ardhi yote waliyonunua. Huko ndiko chanzo cha mto Guacimal, uliowapa maji ya kunywa na nguvu ya mtambo wao mdogo wa umeme. Walijua kwamba wakiukata msitu wa kule juu, mto utapungua. Basi wakasema, shoka lisifike huko.

Tuwaeleze wanafunzi sababu yake. Msitu ule huitwa msitu wa mawingu. Pepo zitokazo bahari ya Karibi huja zikiwa zimejaa unyevu, na zikiupanda mlima hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu. Ukungu huo hupita katikati ya miti, ukashikwa na majani, ukoga na mimea iotayo juu ya matawi, kisha maji yakadondoka chini tone kwa tone, hata siku ambazo mvua hainyeshi. Udongo uliofunikwa na majani huyanywa maji hayo na kuyaachilia kidogo kidogo mtoni. Miti ikiondolewa, hakuna cha kuushika ukungu, na mvua ikinyesha hutelemka kwa nguvu ikichukua udongo.

Kwa muda wa miaka 20 msitu ule ulikaa hivyo. Wakati huo mahali pengine milimani misitu ilizidi kufyekwa, maana mkulima maskini huona msitu kuwa ni shamba ambalo halijalimwa bado. Kisha wakaja wataalamu kuwachunguza ndege na wanyama. Mmoja wao, George Powell, alishirikiana na Wilford Guindon, aliyekuwa mmoja wa wale vijana wanne waliofungwa mwaka 1949. Guindon alikuwa amekata miti mingi kwa mikono yake wapate malisho, na sasa akawa mlinzi wa msitu. Mwaka 1972 ikaanzishwa hifadhi, na baadaye zile hekta 554 za Marafiki zikawekwa pamoja nayo chini ya ulinzi. Tena mwaka 1987 watoto wa shule moja ndogo ya Uswidi waliposikia habari za misitu hiyo walianza kuchanga fedha ili inunuliwe isikatwe. Watoto wa nchi nyingine wakawafuata, na leo msitu ulionunuliwa kwa michango hiyo una zaidi ya hekta 22,000, nao huitwa Msitu wa Milele wa Watoto.

Lakini tusidhani kwamba waliohamia Monteverde walipata kila walichokitafuta. Hapo mlimani palikuwa na chura mdogo, dume lake likiwa na rangi ya dhahabu, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mwaka 1987 walihesabiwa zaidi ya 1,500 katika madimbwi ya kuzalia. Mwaka 1989 akaonekana mmoja tu, na tangu hapo hakuonekana tena. Wataalamu wametaja ugonjwa wa kuvu ulioua vyura katika nchi nyingi, na ukame wa miaka ile. Na mwaka 1999 waliandika kwamba siku zisizo na ukungu mlimani zimekuwa zikiongezeka. Hakuna mtu aliyeufyeka msitu wa chura yule, wala aliyemwinda. Madhara yalitoka mbali, yakaupanda mlima bila kupita barabarani.

Na utulivu wenyewe nao ulipata mtihani. Sifa za msitu zikaenea, wageni wakaanza kuja kwa maelfu kuutazama, na hoteli zikajengwa. Kwa miaka mingi barabara ilibaki bila lami, na wenyeji wengi hawakusikitika. Kile kiwanda cha jibini kikauzwa mwaka 2013 kwa kampuni ya Meksiko. Hivyo wale waliokimbia makelele ya dunia waliona dunia ikiwafuata mpaka mlangoni, ikivutwa na kitu kile kile walichokihifadhi.

Je, tuseme kwamba walijisumbua bure? Hasha. Watoto wao walikua bila kushika bunduki, shule yao yafundisha mpaka leo, na maji ya mto yatiririka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawa waliinama miaka mingi. Lakini mambo mawili yadhihirika. La kwanza, hakuna mlima ulio nje ya dunia, na ahamaye kwa kutafuta utulivu atakutana na jirani, soko, magonjwa na mvua zilizobadilika, sawasawa na aliyebaki nyumbani. La pili, katika mali yote waliyoipata kwa jasho, yaani malisho, barabara na kiwanda, sehemu iliyowafaa zaidi ni ile waliyopatana kutoigusa.

Jambo hili la pili halihitaji mtu kuvuka bahari. Kila kijiji cha milimani kwetu kina chemchemi yake, na juu ya chemchemi hiyo kuna miti, au palikuwa na miti. Kabla ya kugawanya ardhi kwa vijana wenu, ulizeni maji yatoka wapi, mwende mpatazame mahali hapo pamoja, wazee na watoto, mkapatane juu yake wakati mto ungali una maji.