Mkwaju Huanzia Mkononi: Hoja Kuhusu Kuwafundisha Watoto Kandanda ya Kigaeli

Kandanda ya Kigaeli husimamiwa na GAA, chama kilichoasisiwa mjini Thurles, Ayalandi, mwaka 1884. Katika mchezo huo mpira hushikwa mkononi, na mguu huupokea kutoka huko. Sheria ndizo zinazolazimisha hivyo. Anayekimbia na mpira haruhusiwi kuzidisha hatua nne kabla ya kuudunda au kuugusa kwa vidole vya mguu ukarudi mikononi, na kuudunda mara mbili mfululizo ni kosa. Pasi ya mkono sharti igongwe kwa ngumi au kiganja; kuurusha mpira hakuruhusiwi. Mpira ukilala chini, mwanamume huuinua kwanza kwa ncha ya kiatu, ilhali wanawake huruhusiwa kuuokota moja kwa moja. Mikwaju mingi, hata mingi ya mipira ya adhabu isiyo penalti, hupigwa kwa kuuachia mpira kutoka mkononi.

Pamoja na hayo, mazoezi ya watoto mara nyingi hugawanywa kama masomo mawili: kwanza kudaka na kupasiana kwa mikono, kisha kupiga. Makala haya yanaupinga mgawanyo huo. Makosa mengi yanayohesabiwa kuwa ya mguu ni ya mkono, na kocha anayerekebisha mguu peke yake anakuna pasipowasha.

Mtazame mtoto wa miaka minane akijaribu kupiga. Ameushika mpira kwa mikono miwili mbele ya kifua. Anaurusha juu kidogo, kisha anaukimbilia kwa mguu. Mpira umeshajizungusha na kwenda pembeni, naye anaupata kwa ugoko. Kocha anapaza sauti: “Nyoosha mguu!” Utanyooka vipi, na mpira haupo pale ulipotarajiwa? Mpigaji mzuri huinama juu ya mpira. Mkono wa upande wa pili huondoka mapema; ule ulio upande wa mguu unaopiga huushusha mpira hadi usawa wa nyonga, ndipo huuachia bila kuusukuma wala kuuzungusha. Kifundo cha mguu kimekazwa, vidole vimenyooshwa mbele, na mpira hukutana na mguu pale penye kamba za kiatu.

Urefu wa anguko una uzito wake. Mpira ulioachiwa sentimita 60 juu ya mguu huanguka kwa takriban sekunde 0.35, ukiachiwa sentimita 90, takriban sekunde 0.43. Msukumo mdogo wa pembeni wakati wa kuuachia huupotosha zaidi kadiri unavyokawia hewani, na upepo, ambao Ayalandi haukosekani, humalizia kazi.

Kwa sababu hiyo, ule mguso wa vidole ambao wachezaji huuita solo ungefaa kufundishwa kama utangulizi wa mkwaju. Atakayesema kwamba stadi hizi mbili hazifanani atakuwa na haki kuhusu mguu: kwenye solo vidole huinuliwa ili mpira uzunguke kumrudia mchezaji. Lakini mkono unaouachia mpira ni uleule. Mtoto anayeweza solo ya kushoto, tena kwa mkono wa kushoto, huku akitembea, amekwisha kupata nusu ya mkwaju wa kushoto.

Ubishi mkubwa zaidi uko kwenye namna ya kuzoeza. Wapo makocha, na si wajinga, wanaotaka mtoto apange foleni kwenye koni apige na kurudia, mchezo uje baadaye. Foleni ina faida yake: kocha hupata nafasi ya kuukagua mkono kwa utulivu. Hata hivyo, utafiti wa Shea na Morgan wa mwaka 1979 ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi ya kuchanganya kazi walionekana dhaifu wakati wa kujifunza, ila baadaye wakakumbuka vizuri zaidi. Ile ilikuwa kazi ya mikono maabarani, si kwenye uwanja wa matope, kwa hiyo tusiibebeshe mzigo usio wake. Inatosha kutuonya kwamba foleni isiyo na makosa si ushahidi wa kujifunza. Bunker na Thorpe, walioandika mwaka 1982 kuhusu ufundishaji wa michezo, walitaka mbinu ifundishwe pale mchezo unapoihitaji, na GAA yenyewe ina Go Games, michezo ya timu ndogo kwa watoto hadi umri wa miaka 12, ambamo kila mtoto hupata kucheza.

Timu ndogo, hata hivyo, zina mtego ambao watetezi wake huupita kimya. Watatu dhidi ya watatu kwenye mraba finyu, pasi ya mkono huwa salama daima, na mtoto mwenye akili ataichagua. Anaweza kumaliza msimu bila kupiga pasi hata moja ya mguu, huku kocha akisifu mchezo kuwa umechangamka. Dawa ni kubadili umbo la uwanja: uwe mrefu na mwembamba, mpokeaji mmoja akae mbali mbele, ili mguu uwe njia ya mkato ya kumfikia.

Kwa wanaume watu wazima kishawishi cha kupiga kimeshabadilishwa na sheria. Tangu 2025, mkwaju unaopigwa kutoka nje ya tao la mita 40 na kupita juu ya mwamba huhesabiwa pointi mbili. Ni sheria nzuri kwao. Kwa mtoto anayeiga ni hatari, kwa kuwa akitafuta umbali atarudi kuurusha mpira juu na kuukandika kwa nguvu zote. Vilabu visishindanishe umbali chini ya miaka 12. Watoto wampigie mwenzao aliye mita 15, kwa miguu yote miwili, kwa mpira unaoenea mikononi mwao. Wanawake watu wazima huchezea mpira wa saizi ya 4; sioni sababu ya mvulana wa miaka kumi kukabidhiwa wa saizi ya 5.