Wimbo wa Mpagazi na Kazi ya Mtunzi: Muziki na Historia katika Njia ya Unyanyembe

Habari za njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Unyanyembe hata kufika Ujiji, zimehifadhiwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kitabu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliyachapisha maneno hayo mwanzoni mwa karne ya 20, naye W. H. Whiteley akayatoa tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, katika nyongeza za jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959. Namna ya pili ni wimbo. Mwenye msafara aliacha kitabu. Mpagazi aliacha wimbo. Makala hii yakusudia kueleza wimbo huo ulikuwa chombo cha namna gani, ulipatwa na nini ulipoingia mikononi mwa waandishi, na mtunzi wa muziki anayetaka kutunga kutokana na historia hiyo imempasa aanzie wapi.

Wimbo na kazi

Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya mwendo wao. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, Burton ameeleza kwa urefu desturi za msafara. Mzigo wa mpagazi haukuzidi sana frasila mbili, yaani ratili 70, au kilo 32 hivi. Mbele alitangulia kiongozi, aliyeitwa kirangozi katika Kiswahili cha siku zile, akiwa na bendera nyekundu, na karibu naye mpiga ngoma. Walifuata wachukuzi wa pembe za ndovu, nao walikuwa wenye heshima kuliko wachukuzi wengine; kengele ilining'inia kwenye ncha ya pembe na kulia kwa kila hatua. Baragumu ilipigwa, watu wakaimba.

Uimbaji huo haukuwa pambo la safari. Njia ilikuwa nyembamba, na watu walikwenda mmoja nyuma ya mwenziwe, hata wa mwisho asiweze kumwona wa kwanza. Sauti ndiyo iliyowaunganisha. Mmoja alianzisha, wengi wakaitikia. Katika kuitikia huko hatua zililingana, pumzi ikapata wakati wake, na aliyekuwa nyuma akajua ya kuwa mbele hakuna hatari. Ngoma, kengele, mguu na koo vilikuwa ala za muziki mmoja, na mwendo ndio uliopima mapigo yake.

Tena wimbo ulikuwa baraza. Wapagazi walimwimba Burton mwenyewe kwa kejeli, wakimtaja kuwa mzungu mbaya, na papo hapo wakionyesha kwamba watamfuata maadamu anawapa chakula. Maneno hayo ni mzaha, lakini ni mkataba pia. Mpagazi asiyeweza kumshtaki tajiri mbele ya kadhi aliweza kumkumbusha haki ya posho mbele ya msafara mzima, wala tajiri hakuweza kumwadhibu mtu mmoja kwa neno lililotoka vinywani mwa watu wote. Mwanahistoria anayetafuta mawazo ya wachukuzi juu ya kazi yao hatayapata katika daftari za wafanya biashara; atayapata hapa.

Wimbo na kalamu

Ila hapa ndipo penye hasara kubwa. Wasafiri waliosikia nyimbo hizo hawakuwa na namna ya kuandika sauti, na wengi wao hawakujali. Henry Morton Stanley alipofika Kagehyi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwezi wa Februari 1875, watu wake waliimba wimbo wa furaha ya kufika. Stanley aliuingiza katika kitabu chake cha mwaka 1878, lakini kwa Kiingereza, katika umbo la shairi la Kiingereza. Maana ya jumla imebaki. Lugha, mapigo na mpangilio wa kuitikia vimetoweka. Ni sawa na kuhifadhi ganda la nazi na kumwaga tui.

Kazi yenyewe nayo ilikoma. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vita vilivyoanza mwaka huo viliwarudisha watu wengi chini ya mizigo ya majeshi, na Tabora yenyewe ikatwaliwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916. Baada ya hapo misafara ya zamani haikurudi.

Ingekuwa wimbo ni maneno matupu, ungalikufa pamoja na msafara. Haukufa, kwa sababu uliweza kuhamia kazi nyingine. Utafiti wa Frank Gunderson, uliotolewa mwaka 2010 katika kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, wafuata uhusiano uliopo kati ya nyimbo za wapagazi na zile za vyama vya kulima. Yaliyokuwa mapigo ya mguu yakawa mapigo ya jembe. Aliyekuwa akiwapa moyo wachukuzi amepata mrithi katika yule anayewaimbia wakulima shambani.

Wimbo na lugha

Maneno ya njia hiyo yamehama vivyo hivyo. Hongo ilikuwa kodi ya kupita, ikilipwa mchana kwa mtemi mwenye nchi, mbele ya mashahidi. Leo ni fedha itolewayo kwa siri ili kupotosha haki. Posho ilikuwa chakula cha msafiri, au kitambaa cha kununulia chakula. Leo ni fedha ya mkutano na ya safari ya ofisini. Mtu atakayetunga wimbo wa Unyanyembe ya zamani na kutumia neno hongo bila ya kulijua hilo, atamgeuza mtemi kuwa mla rushwa.

Shida iliyo ngumu zaidi ni ya kiimbo cha neno. Kinyamwezi na ndugu yake Kisukuma ni lugha ambazo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Irvine Richardson alionyesha mwaka 1959 ya kuwa katika Kisukuma sauti ya juu iliyo mali ya silabi moja huweza kusikika silabi mbili mbele yake, hata ndani ya neno linalofuata. Kwa hiyo mtunzi hawezi kufungua kamusi akajua sauti ipande wapi. Sharti aisikie sentensi nzima. Kiswahili hakina sharti hilo: chadai mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni yaweza kupanda itakapo maadamu mkazo haukuvunjwa. Basi msafara uliochanganya watu wa bara na wa pwani ulichanganya pia kanuni mbili za uimbaji. Anayechukua maneno ya Kinyamwezi na kuyavika tuni ya kigeni huyaharibu maneno. Anayechukua tuni ya Kinyamwezi na kuitilia maneno ya Kiswahili huiacha tuni bila ya sababu yake.

Mtunzi na historia

Je, historia ya namna hii yaweza kuingia katika muziki ulioandikwa? Mifano iliyo karibu yatoka Uganda, nayo haiko mbali na Tabora kama idhaniwavyo. Wamisionari wa kwanza wa White Fathers waliondoka Bagamoyo mwaka 1878, wakafika Tabora kwa wapagazi, na huko wakagawanyika. Kundi moja likaenda Tanganyika, jingine Nyanza, hata wa kwanza wao wakaingia Buganda mwaka 1879. Mashahidi wa Uganda waliouawa kati ya 1885 na 1887 ni sehemu ya habari iliyopita katika njia hii. Joseph Kyagambiddwa aliwatungia oratorio, ambayo iliimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa kuwa watakatifu. Yeye alianza na wimbo wa Kiganda, ambayo nayo ni lugha ya sauti za kupanda na kushuka, akaijenga kazi kubwa juu yake.

Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951, alifuata njia nyingine. Kazi yake ya mwaka 1988 juu ya Njia ya Msalaba ni ya fidla mbili, viola na chelo. Sehemu yake ya kwanza ilipigwa na Kronos Quartet katika sahani ya mwaka 1992. Humo hamna mwimbaji. Kinachosimulia ni namna ya kupiga: sauti fupi fupi zinazopishana na kuingiliana, kila mpigaji akijaza nafasi aliyoiacha mwenziwe, kama ilivyo katika ala za Buganda.

Mfano huu wa pili una funzo kwa historia ya Unyanyembe. Muziki wa wapigaji wachache hauna mwongozaji asimamaye mbele na fimbo. Kila mmoja hushika wakati kwa kumsikiliza mwingine. Ndivyo walivyokwenda wapagazi katika njia nyembamba. Kwa hiyo mtunzi anayeitaka historia yao asitosheke na kutia jina la Mirambo au la Isike juu ya karatasi yake. Yaliyo ya kweli zaidi ni umbo la kazi: kuitisha na kuitikia, kengele ya pembe kufuata hatua, umbali kati ya wa mbele na wa nyuma.

Lakini umbo hilo halitapatikana vitabuni peke yake. Lazima nyimbo za jembe zinazorithi zile za mzigo zirekodiwe Tabora, Nzega na Usukuma, ziandikwe kwa alama za sauti zake, kila moja pamoja na jina la kazi iliyokuwa ikifanywa ilipoimbwa. Kazi hiyo yamhusu mwanaisimu kabla ya kumhusu mwanamuziki. Kitabu cha Tippu Tip kilipata wahariri wawili katika muda wa miaka sitini. Wimbo wa mchukuzi wa pembe zake wastahili uangalifu uo huo.