Kariakoo: Kambi ya Wapagazi Iliyogeuka Mtaa wa Watu



Katika siku za jubilei tunahesabu miaka ya kanisa: misa ya kwanza, ubatizo wa kwanza, matofali ya kwanza. Ni vema. Lakini kanisa halisimami pasipo nyumba za watu kando yake. Kwa hiyo tumeona inafaa kuandika juu ya nyumba. Sisi wa uwanda wa Ruzizi tumezoea kuona kambi za askari karibu na mashamba yetu, na mara nyingi tunajiuliza: je, mahali palipolala majeshi paweza kuwa siku moja mtaa wa amani, wenye nyumba, maji na soko? Mfano mkubwa uko ng'ambo ya ziwa, mwisho wa njia ya reli inayotoka Kigoma, katika mji wa Dar es Salaam. Jina lake ni Kariakoo.

Vita vya mwaka 1914 wazee wetu walivijua. Katika mwaka 1916 askari wa Bula Matari walivuka Ruzizi, wakatwaa Usumbura mwezi wa Juni, Kigoma mwezi wa Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. Nyuma yao walitembea wapagazi wa Kongo, zaidi ya 200,000, wenye kubeba chakula na risasi vichwani. Waingereza nao, waliopigana upande wa mashariki, waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba mwaka ule ule. Walikuta soko ambalo Wadachi walikuwa wameanza kulijenga, katika shamba la minazi walilolinunua kusudi Waafrika wapate kukaa humo. Soko halikupata kuuza hata muhogo. Likafanywa kambi ya kikosi cha wapagazi, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps. Waswahili wakalitamka jina hilo kwa namna yao, nalo likawa Kariakoo. Nairobi pia kuna mtaa wa asili hiyo, unaoitwa Kariokor.

Wapagazi wengi hawakuuawa na risasi, bali na njaa, homa na kuhara. Mwaka 1927 ilisimamishwa sanamu katikati ya Dar es Salaam, na juu yake amesimama askari na bunduki yake. Askari alipewa sanamu. Mpagazi aliachiwa mtaa. Sisi twaona fungu la mpagazi lilikuwa bora, kwa maana sanamu haizai watoto.

Vita vilipokwisha, kambi ilivunjwa na soko likarudia kazi yake. Serikali ya Waingereza iligawanya mji kwa rangi za watu: Wazungu karibu na bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na, baadaye, Ilala. Kati ya Wahindi na Waafrika uliachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja. Mitaa ya Kariakoo ilipimwa kwa mistari iliyonyoka, na kila mtu aliyepata kiwanja, ndiyo parseli kama tusemavyo huku, alilipa kodi yake kwa serikali. Nyumba yenyewe alijijengea.

Nyumba hizo zilikuwa za namna moja. Mbele kulikuwa na baraza ya kuzungumzia. Ndani, njia katikati na vyumba vitatu kila upande. Nyuma, ua wenye jiko na choo. Kuta zilikuwa za miti na udongo; paa la makuti, au la madebe yaliyofunguliwa, baadaye la mabati. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja na kupangisha vingine kwa wageni waliotoka bara kutafuta kazi. Ua ulikuwa wa wote, na mgeni alijifunza humo desturi za mji. Ndugu zetu Wamanyema, waliotoka Kongo, nao walijenga huko. Msikiti wenye jina lao upo Kariakoo, na Mtaa wa Kongo unajaa wanunuzi kila siku.

Lakini tusidanganyike: watu walitangulia, huduma zikafuata polepole. Mifereji, taa na barabara nzuri zilianzia kwa Wazungu, na wa Kariakoo walipanga foleni kuchota maji. Hata hivyo katika mtaa huo huo, tarehe 7 Julai 1954, kilizaliwa chama cha TANU, na barabara yake leo inaitwa Lumumba, kwa heshima ya Patrice Lumumba wetu aliyeuawa mwaka 1961. Soko jipya, lililochorwa na Mwafrika, Beda Amuli, lilifunguliwa na Rais Nyerere mwaka 1975. Moto uliliunguza tarehe 10 Julai 2021. Maghorofa yamechukua mahali pa nyumba nyingi za zamani, na tarehe 16 Novemba 2024 moja lilianguka na kuua watu zaidi ya 20. Mtaa unahitaji kulindwa hata baada ya kujengwa.

Tunajifunza nini? Kwamba kambi haigeuki mtaa kwa sababu askari wameondoka tu. Inageuka pale mtu anapopata kiwanja asichofukuzwa, jirani wa kuzungumza naye barazani, na maji yasiyo mbali. Sisi wa Mutarule, tuliowazika watu zaidi ya 30 waliouawa usiku wa tarehe 6 Juni 2014, tunajua jinsi nyumba inavyoweza kuwa tupu kwa usiku mmoja.

Basi jubilei hii tuifanyie kazi moja. Wapagazi wengi wa Kariakoo majina yao hayajulikani tena. Ya kwetu yasipotee. Kila jumuiya iandike katika daftari la parokia majina ya waliojenga, ya waliokimbia na ya waliokufa, watoto wetu wapate kuyasoma wakati ambapo uwanda huu utakuwa na nyumba nyingi kuliko mahema.