Mjumbe Mwenye Mabaraza Mawili

Umoja ni nguvu, walisema wahenga. Nasi twauliza: je, anayekwenda kuungana na wenziwe amekwisha kupatana na watu wa nyumbani mwake? Historia ya Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville hadi mwaka 1966, yaweza kutujibu.

Katika uchaguzi wa mitaa wa Desemba 1957, watu waliotoka nje ya Katanga, hasa Kasai, walishika vyeo vya umeya katika mitaa ya Waafrika. Wenyeji walinung’unika. Basi Oktoba 1958 vyama vya makabila ya Katanga viliungana, vikaunda Conakat. Godefroid Munongo alikuwa rais wake wa kwanza, na mwaka 1959 akafuatwa na Moïse Tshombe.

Februari 1959 Balubakat, chama cha Baluba wa Katanga chini ya Jason Sendwe, kiliingia katika umoja huo. Lakini ndani yake mlikuwa na mashauri mawili. Baluba wa Katanga walikuwa wenyeji, na haki za wenyeji walizitaka kama wengine. Tena walikuwa na udugu na Baluba wa Kasai, ndio wale wale walionung’unikiwa na Conakat. Mjumbe wao angesema nini barazani pasipo kuudhi upande mmoja?

Mwaka huo huo Conakat ilikaribiana na Ucol, chama cha walowezi wa Kizungu, ikadai Katanga ijitawale kwa sehemu kubwa. Sendwe alitaka Kongo iwe moja. Novemba 1959 Balubakat ikajitoa. Walakini si Baluba wote waliomfuata: Kasongo Nyembo, mmoja wa watemi wao wakubwa, alisimama upande wa Tshombe. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba shauri la nyumbani lilikuwa halijaisha.

Balubakat ikafanya Kartel pamoja na Fédéka ya watu wa Kasai na Atcar ya Watshokwe. Katika uchaguzi wa Mei 1960, kati ya viti 60 vya baraza la jimbo, Conakat ilipata 25, Kartel 23. Kartel iligomea baraza. Wabelgiji wakabadili sheria mwezi wa Juni, na Conakat ikaunda serikali. Tarehe 11 Julai Tshombe akaitenga Katanga. Huko kaskazini vijiji vilichomwa moto, na damu ya ndugu ikamwagwa.

Hatusemi kwamba mafarakano ya nyumbani peke yake yalileta msiba huo. Nguvu za fedha na za wageni zilikuwapo pia. Lakini twajifunza hili: kila mjumbe ana mabaraza mawili, moja mbele yake na moja nyuma yake. Iwe ni chama cha wafanyakazi, iwe ni kamati ya parokia, kabla ya kumtuma mtu wetu tukubaliane atakayoweza kuyaachilia na yale asiyoweza. Naye akirudi, tumsikilize. Mapatano yaliyofanywa na kinywa kimoja hayadumu, ikiwa mioyo iliyokituma imegawanyika.