Pembezoni mwa Nani? Baiskeli za Kitalii na Historia Iliyolala Njiani Usambara

Matangazo ya safari za baiskeli katika milima ya Usambara yana msamiati wake. Milima ni ya "mbali", vijiji "vimejificha", misitu "haijaguswa". Mgeni huahidiwa siku nne au tano za kupanda na kushuka, akiongozwa na kijana mwenyeji, kutoka Lushoto kupitia Magamba, Shume, Lukozi na Rangwi hadi Mtae, mahali ambapo mlima hukatika ghafla na tambarare ya Mkomazi ikaonekana chini kabisa, kavu na pana hadi upeo wa macho. Mandhari hayo ni ya kweli na wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na neno "mbali". Kila kilicho mbali kiko mbali na mahali fulani. Mbali na wapi, basi, na kwa kipimo cha nani?

Swali hili haliwahusu wapenda baiskeli peke yao. Neno "pembezoni" limo pia katika lugha ya serikali yetu, katika bajeti na taarifa za maendeleo, na mara nyingi hutumika kueleza kwa nini barabara haijafika au daktari hajapangwa. Eneo likishaitwa la pembezoni, umaskini wake huonekana kuwa ni tabia ya jiografia, kama baridi au ukungu. Historia ya Usambara inatufundisha kwamba pembezoni hutengenezwa, na kwamba waliozitengeneza wanajulikana kwa majina na kwa tarehe.

Tuanze na kipimo cha wenyewe. Kwa Wasambaa, dunia iligawanyika sehemu mbili. Juu kulikuwa na Shambaai, nchi ya migomba, mvua na afya. Chini kulikuwa na nyika, nchi ya joto, homa na njaa. Aliyekuwa mbali ni yule wa nyikani. Simulizi za Wakilindi, ukoo wa kifalme, humtaja Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, akapanda mlimani, akawagawia watu nyama, na hatimaye akapewa utawala. Mji mkuu ukawa Vugha. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, chini ya Kimweri ye Nyumbai, mamlaka ya Vugha yalishuka mpaka pwani, ambako baadhi ya madiwani walitambuliwa na Vugha na Unguja kwa pamoja. Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, ni miongoni mwa maandishi makubwa ya awali ya historia katika nathari ya Kiswahili. Nchi inayouzwa leo kana kwamba haina habari ndiyo iliyoandikiwa kitabu cha habari zake kabla nchi nyingi za jirani hazijapata hata kurasa kumi.

Watu wa Shambaai walikuwa pia na mizani ya kuupimia utawala. Mtawala aliweza kuiponya nchi, kuzifya shi, au kuiharibu, kubana shi. Mvua, chakula na amani vilikuwa ushahidi wa uponyaji. Ukame, njaa na vita vilikuwa ushahidi wa uharibifu. Mwanahistoria Steven Feierman ameandika kwa kina jinsi mizani hiyo ilivyoendelea kutumiwa na wakulima wa kawaida hadi zama za kudai uhuru. Ninaomba msomaji aibebe mizani hiyo, kwani tutaihitaji mbele.

Kimweri alipofariki, mwaka 1862, ufalme ulipasuka. Mwanawe Semboja alikuwa amejiimarisha Mazinde, chini ya mlima, kando ya njia ya misafara. Huko kulikuwa na bunduki, nguo na wanunuzi wa watu. Kwa nguvu hizo aliipinga Vugha, na katika vita vilivyofuata Wasambaa wengi walikamatwa na kuuzwa utumwani. Huo ndio wakati ambapo uzito wa mamlaka ulianza kuteremka kutoka mlimani kwenda nyikani. Mlima ulibaki palepale ulipokuwa. Kilichohama ni kitovu. Umbali wa Usambara ulianza hapo.

Wageni wa kwanza wa Ulaya waliopanda milima hii nao waliongozwa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vugha mwaka 1848, akarudi mwaka 1852. Richard Burton na John Hanning Speke walipanda mwaka 1857, wakapokewa na Kimweri aliyekuwa tayari mzee sana. Katika safari hiyohiyo, kwenye ngome ya Chogwe karibu na Pangani, walimwajiri Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa ameuzwa utumwani angali mtoto, akafikishwa India, kisha akarejea Afrika. Bombay alikuja kuongoza misafara ya Speke, Stanley na Cameron, na ni vigumu kumtaja mgunduzi mmoja wa enzi ile ambaye hakumtegemea yeye au mwenzake wa aina yake. Hata hivyo, ramani zilijaa majina ya waliokuwa wakiongozwa. Uhusiano huo kati ya anayejua njia na anayesifiwa kwa kuipita haujafa.

Kisha wakaja Wajerumani, na njia zikabadilika maana. Ujenzi wa reli kutoka Tanga ulianza mwaka 1893, na mwaka 1905 reli ikafika Mombo, chini ya mlima. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, na baridi yake ikawa kivutio cha walowezi. Lakini mashamba yalihitaji mikono. Mwaka 1907 wilaya hiyo ikaanzisha kadi ya kazi: kila mwanamume mzima alitakiwa kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, na aliyeshindwa kuonesha kadi iliyojazwa alipelekwa kwa nguvu kwenye kazi za umma. Katika uwanda wa Shume, miti ya mwangati ilikatwa na kuteremshwa kwa waya wa angani hadi Mkumbara, ikapakiwa kwenye treni. Ukisimama Shume ukaambiwa kwamba msitu ule haujaguswa, kumbuka waya huo.

Hata gurudumu lenyewe lina sehemu yake katika hadithi hii. Mwaka 1888, mjini Belfast, John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo, na katika miaka ya 1890 Ulaya na Marekani zikashikwa na wazimu wa baiskeli. Kila baiskeli ilihitaji mpira. Sehemu ya mpira huo ilitoka katika Kongo ya Mfalme Leopold II, ambako vijiji vilivyoshindwa kutimiza kiwango viliadhibiwa kwa mateka, viboko na risasi. Sehemu nyingine ilitarajiwa kutoka kwetu: walowezi wa Kijerumani walipanda miti ya mpira wa jamii ya muhogo katika mashamba ya Tanga na kwingineko, bei ikapanda hadi kilele mwaka 1910, na mwaka 1913 ikaporomoka kwa ushindani wa mpira wa Malaya. Wengi walifilisika. Miti hiyo haikutoweka: majani yake tunayala hadi leo, na sokoni tunayaita kisamvu cha mpira. Mtalii anayesukuma baiskeli yake karibu na nyumba yenye mti huo anapita kando ya mabaki ya uchumi ulioanzishwa, kwa sehemu, na tairi la babu wa baiskeli yake.

Waingereza walikuta milima iliyobanwa. Misitu ilikuwa imehifadhiwa kwa amri, mashamba mazuri yalikuwa ya walowezi, na watu walikuwa wameongezeka. Udongo ulimomonyoka kweli. Hilo si uzushi wa wakoloni. Mwaka 1946 ukaanza mpango wa kuinusuru ardhi ya bonde la Mlalo, na katika miaka ya 1950 ukapanuliwa kuwa Mpango wa Usambara. Kila kaya ililazimishwa kuchimba matuta katika shamba lake, na aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Kazi hiyo, kwenye miteremko ambayo mtu hupanda kwa kushika majani, iliwaangukia zaidi wanawake. Wengi waliingiwa na hofu kwamba ardhi yenye matuta ingetwaliwa na serikali. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga kwa watu waliokwisha kushuhudia ardhi ikitwaliwa mara mbili.

Wakulima walitumia mizani yao ya zamani. Walihoji: watawala hawa wanaiponya nchi, au wanaiharibu? Upinzani ulikua, TANU ikaupokea, na kabla ya uhuru kufika mpango wa matuta ukawa umekufa. Mambo kama hayo yalitokea pia Uluguru mwaka 1955, ambako damu ilimwagika. Tunapofundisha historia ya uhuru wetu kwa kutaja Dar es Salaam na Umoja wa Mataifa peke yake, tunawaacha nje wanawake wa Usambara waliotupa jembe chini wakasema imetosha. Kwa hiyo mlima huu ulioitwa pembezoni ulikuwa mojawapo ya mahali ambapo dola ya kikoloni ilishindwa.

Baiskeli ya milimani ilizaliwa mbali na haya yote. Katika miaka ya 1970, kwenye Mlima Tamalpais huko California, vijana kama Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly walikuwa wakiteremka na baiskeli nzito za zamani kwenye njia za vumbi. Mashindano yao maarufu ya kuteremka, Repack, yalianza mwaka 1976. Mwaka 1977 Breeze alianza kuunda fremu mahususi kwa kazi hiyo, na mwaka 1996 mchezo huo ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta. Ni chombo cha kuchezea mlima. Kwetu, baiskeli ilikuja kama chombo cha kazi: Raleigh ya karani na mwalimu, kisha Phoenix ya Kichina iliyobeba gunia la mahindi, madumu ya maji na mgonjwa. Sidai kwamba kazi ni takatifu na mchezo ni dhambi. Nasema tu kwamba vyombo viwili vinavyofanana vinaweza kupishana katika njia moja bila ya wenyewe kuishi katika historia moja.

Nimezipita njia hizi kwa baiskeli, siku nne, pamoja na wenzangu watatu. Mwongozaji wetu alikuwa kijana hodari. Alijua jina la kila ndege kwa lugha tatu, alijua mahali pa kushuka na kusukuma, na alijua ni mzee gani wa kusalimiwa kwanza kabla ya kukatiza kiamboni mwake. Siku ya pili nilimwuliza kuhusu matuta. Alicheka kidogo, akasema, "Mwalimu, hilo ni neno la bibi. Tukiwa wavivu alikuwa akitutisha: nitakupeleka kwenye matuta." Nilimwuliza kama huwasimulia wageni. Akajibu kwamba hakuna mgeni aliyewahi kuuliza, na kwamba katika mafunzo aliyopewa hapakuwa na jambo hilo. Palikuwa na ndege, vinyonga, maua na huduma ya kwanza. Asubuhi hiyohiyo, pale Lukozi, tulipishana na malori ya Fuso yakipakia kabichi, karoti na viazi kwenda Dar es Salaam. Mji mkubwa kuliko yote nchini hula kutoka mlima huu, kisha huuita wa mbali.

Nini kifanyike? Kwa wanafunzi wangu wa historia: waliochimba matuta wakiwa wasichana sasa ni wachache na ni wazee sana. Nendeni na daftari, mkaanze na kaya ambazo njia za watalii hupita mlangoni mwake. Hapo kuna tasnifu nyingi kuliko zilizokwisha kuandikwa. Kwa wanaharakati: mwongozaji asiye na mkataba, anayelipwa kwa safari na kubeba hatari ya kuumia peke yake, ni mrithi wa Bombay, na haki zake ni suala la kazi kama lilivyo la mchimba madini au mfanyakazi wa shamba la mkonge. Kwa watumishi wa umma: njia nyingi kati ya hizo hukatiza ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wake, chini ya macho ya mkutano mkuu wa kijiji. Kibali cha biashara kinachotolewa wilayani kisichukuliwe kuwa kimemaliza mazungumzo. Kijiji kiulizwe njia ipite wapi, itunzwe na nani mvua zikiichimba, na mapato yake yasomwe hadharani mkutanoni.

Sipendekezi wageni wafukuzwe. Utalii wa baiskeli huacha fedha katika nyumba ndogo za kulala wageni na kwa mama anayepika ugali na maharage, jambo ambalo utalii wa magari makubwa na hoteli za kifahari hulifanya kwa shida. Napendekeza uingie katika mizani ya Wasambaa wenyewe, kama walivyoingizwa Wakilindi, Wajerumani na Waingereza: je, unaiponya nchi, au unaiharibu? Wenye haki ya kulijibu swali hilo wako Mtae, Rangwi na Lukozi, na jibu lao likitolewa, liandikwe katika muhtasari wa kijiji na lifuatwe.